Michoro ya Kolo (Kondoa): nani hasa aliichora? Kila niliyemuuliza ana jibu lake

#1 Mtembezi wa Kizota

Wakuu, salaam.

Jumamosi nilimpeleka binti yangu wa darasa la sita Kolo, akaone michoro ya miambani. Nina miaka kumi na moja Dodoma mjini, barabara ya Kondoa kwenda Babati nimeipita sana, na kila mara kibao cha Mambo ya Kale nilikiona dirishani tu. Safari hii nikasema tunashuka.

Pale ofisini unapewa mhifadhi wa kukuongoza. Gari linaingia njia ya vumbi kilomita kama tisa, mnavuka mchanga wa mto, halafu mnapanda kwa miguu. Kipande cha mwisho unapanda huku umeshika mizizi. Juu kabisa ndipo Mongomi wa Kolo: mwamba umeinama mbele kama ukingo wa paa, na ukuta ulio chini ya kivuli chake umejaa michoro. Kuna twiga, kuna tembo, kuna watu wembamba warefu kama fito wenye vichwa vikubwa vya mviringo. Sijui ni nywele, sijui ni kofia. Rangi yake ni wekundu wa damu iliyokaukia kwenye shuka.

Binti akauliza, "Baba, nani alichora?" Mhifadhi akajibu ni mababu wa Wasandawe. Kijana wa kijijini aliyetusaidia kubeba maji akasema hapana, waliochora walikwisha wote, hakuna kabila la leo linaloweza kuwadai. Tuliposhuka, mzee mmoja aliyekuwa anauza mahindi barabarani akatuambia babu yake alimfundisha kwamba ile michoro haikuchorwa na mtu. Majibu matatu ndani ya saa mbili.

Halafu kuna mambo mawili mengine. Pale pale kwenye michoro kuna shimo kubwa limechimbwa. Na kwenye uwazi mdogo wa mwamba niliona vipande vya kibuyu na kitu cheupe kimekauka kama uji. Binti aliuliza na hivyo pia, sikuwa na jibu.

Wenyeji na wajuvi karibuni. Nani alichora, alichora ili iweje, na lile shimo ni la nini?

#2 Kokoto

Ngoja waje wajuvi. Natia nanga hapa. Weka picha mkuu.

#3 Mrangi wa Pahi

Asante mleta mada. Kwetu ni Pahi, na Pahi nako kuna michoro. Iko na Kisese, iko na Thawi. Watu wakishafika Kolo wanadhani wamemaliza.

Nianze na vile vibuyu maana ndivyo vilivyonigusa. Hiyo si takataka. Mongomi panafanyiwa kazi mpaka leo. Mvua zikichelewa wazee wanapanda, mbuzi anachinjwa, pombe ya mtama inamwagwa, maneno yanasemwa. Mgonjwa aliyezungushwa hospitali zote bila nafuu anapelekwa pale. Warangi wengi ni Waislamu, swala tano tunaswali, na bado wanaopanda mlimani wapo. Mjomba wangu ni mmoja wao. Nikiwa mdogo nilimwona anarudi alfajiri, miguu imejaa umande na majani ya mlimani, akaingia ndani bila kumsalimia mtu. Mama alituzuia tusimsemeshe mpaka amekunywa maji.

Kuhusu nani kachora: kwetu tulilelewa tukiambiwa tulikuta kuta zimeshachorwa. Ile michoro myeupe, minene, inayoonekana imepakwa kwa kidole, hiyo ndiyo inasemwa ni ya wakulima na wafugaji waliokuja baadaye, na hapo nakubali inaweza kuwa yetu. Nyekundu siidai.

#4 Damu ya Usandawe

Nyekundu ni ya kwetu. Huyo mhifadhi alisema kweli.

Bibi mzaa mama ni wa Kwa Mtoro, babu ni wa Farkwa. Alikuja msomi mmoja, Eric ten Raa, akakaa na Wasandawe miaka ya 1960, akajifunza lugha na ngoma zetu. Aliandika kwamba kuchora kwenye miamba kulikuwa bado hakujasahaulika kabisa kwa wazee wa wakati ule. Sasa kama watu waliokuwa hai walikumbuka, inakuwaje kijana wa mabegi ya maji aseme waliochora walikwisha wote?

Na angalieni zile picha vizuri. Zile sura zilizoinama, zenye kichwa kama cha mnyama. Aliyewahi kuona ngoma ya simbo atazitambua. Kwenye simbo mchezaji anakuwa simba. Hajifanyi, anakuwa. Anatembea kwa mikono na miguu, anaunguruma, na watu wanamshika asijiumize. Mimi nimeiona mara moja tu, nikiwa na miaka minane, na usiku huo sikulala.

#5 Kijana wa Babati

Mbona Usandawe uko mbali na Kolo? Ninyi mko huko Chemba, kati ya mto Bubu na Mponde. Mlifikaje mlima wa Warangi?

#6 Damu ya Usandawe

@Kijana wa Babati, mlima haukuwa wa Warangi wakati huo. Soma #3, mwenyewe amekiri. Watu wanasogezwa ndugu yangu. Mkulima akija na jembe, mwindaji anafuata wanyama walikokimbilia.

#7 Mchimbuaji

Nimesoma akiolojia, nimefanya kazi za uwandani Kondoa mara tatu. Niongeze na nisahihishe kidogo.

Kinachojulikana: eneo lililoingizwa kwenye Urithi wa Dunia wa UNESCO mwaka 2006 ni kilomita za mraba 2,336, na lina mapango zaidi ya 150 yenye michoro. Naita mapango kwa mazoea, kwa kweli ni vivuli vya miamba, huingii ndani gizani. Watafiti wa mambo ya kale, Mary Leakey na mumewe Louis, walikuja mwaka 1951, wakaorodhesha maeneo 186, na Mary akanakili michoro ya 43 kati ya hayo. Kazi yake ilitoka kitabu mwaka 1983. Baadhi ya michoro aliyoinakili leo imefifia kiasi kwamba ukisimama mbele ya ukuta na nakala yake mkononi unatafuta mstari kwa shida.

Kisichojulikana ni umri. Ndugu zangu, tunaomba msitupe miaka kama mnanunua nyanya. Ule wekundu ni udongo wenye chuma, na udongo hauna kaboni ya kupimwa umri. Kama ulichanganywa na mafuta ya mnyama au utomvu, hiyo sehemu ya uhai imeshaondoka au ni kidogo mno. Kule Kisese kuna kivuli kilichochimbwa mwaka 1951, kisha mtafiti Ray Inskeep akachimba tena mwaka 1956. Wamepata shanga za ganda la yai la mbuni zenye zaidi ya miaka 40,000. Vimepatikana pia vipande vya udongo mwekundu vilivyosuguliwa. Lakini mtu anaweza kusugua udongo mwekundu ili ajipake mwilini au apake ngozi. Hilo peke yake halithibitishi kwamba siku hiyo alipaka ukuta.

Kwa hiyo Wasandawe? Inawezekana sana kwa sehemu ya michoro. Yote? Sidhani. Kuna mitindo mingi mno, na mahali pengine mchoro mmoja umelalia juu ya mwingine mara tatu, nne.

#8 Kokoto

Madini haya. Tiririka mkuu.

#9 Mama Mpwapwa

Nimefurahi kuona uzi wa namna hii. @Mchimbuaji, na Wahadzabe je? Wao ndio wawindaji hasa, na wako kando ya ziwa Eyasi, si mbali sana. Lugha yao nayo ina vidoko, zile sauti za kualisha ulimi, kama Kisandawe.

#10 Mchimbuaji

@Mama Mpwapwa, wametajwa sana. Ila vidoko visitudanganye. Wanaisimu wameshindwa kuonyesha kwamba Kihadzabe kina undugu na lugha yoyote nyingine, Kisandawe kikiwemo. Kisandawe chenyewe ndicho kinachodhaniwa kuwa na undugu wa mbali na lugha za Wakhoe wa kusini mwa Afrika. Wahadzabe na Wasandawe wanaweza kuwa wote ni wajukuu wa wawindaji wa zamani wa eneo hili bila kuwa kitu kimoja.

#11 Mwalimu Mstaafu

Habari zenu wanangu. Nilifundisha shule ya msingi huko Irangi, nchi ya Warangi, tangu 1974.

Nitaeleza nilichokiona. Kuna ukuta mmoja hapo Kolo wenye mchoro wa mtu aliye katikati, anaonekana ni mwanamke, amevutwa mikono huku na huku. Upande mmoja wapo wawili, upande wa pili wawili. Leakey aliona ni mwanamke anatekwa, na wenzake wanajaribu kumnasua. Wahifadhi walifundishwa hivyo, nasi tukawafundisha watoto hivyo. Miaka mingi nilipeleka watoto pale, nikawa nawauliza wenyewe waseme wanaona nini kabla sijasema. Mtoto mmoja wa kike alisema, "Mwalimu, anacheza, wamemshika asianguke." Sikuwahi kusikia habari za simbo wakati huo. Leo nimesoma #4 nikamkumbuka yule mtoto.

#12 Damu ya Usandawe

Shikamoo mwalimu. Hapo umenimaliza. Nitamsomea mama yangu hii leo jioni.

#13 Mwalimu Mstaafu

Marahaba. Msalimie.

#14 Mrangi wa Pahi

Na mimi nimwamkie mwalimu, shikamoo.

Ila @Damu ya Usandawe, usichukue ukuta mzima kwa mchoro mmoja. Kuna maelezo mengine niliyoyakuta kwa wazee wa upande wetu: kwamba palikuwa mahali pa kufundishia vijana. Huyu ni pofu, yule swala mkubwa, anasimama hivi. Huyu ni twiga, moyo wake uko hapa. Ukitazama wale wanyama wamechorwa na mtu anayejua kwato. Mguu wa swala hauna kosa. Mtu kachorwa fito tu, lakini mnyama kachorwa na misuli.

#15 Dereva wa Kondoa

Kwato kweli. Pofu wa kule ana lile nyama la shingoni linaloning'inia, wamelichora.

#16 Mbukwa wa Mvumi

Mbukwenyi!

Nimesubiri mtu aitaje Dodoma yenyewe nimechoka. Warangi mna ukuta, sisi Wagogo jina la mji mzima ni habari ya mnyama. Tembo alikuja kunywa maji kijito cha Kikuyu, akazama kwenye tope, watu wakasema "idodomya", amedidimia. Ndiyo Dodoma.

#17 Mrangi wa Pahi

Tembo wenu kazama. Wa kwetu yupo ukutani mpaka leo, njoo umtazame.

#18 Mbukwa wa Mvumi

😂😂 Watani hamna adabu. Tutakutana msibani.

#19 Mama Mpwapwa

Lakini baba yangu, Mgogo wa kwao kabisa, alikuwa haikubali hadithi ya tembo. Yeye alisimulia ile ya mikia. Kwamba watu wa hapo waliiba ng'ombe wa Wahehe, wakawala wote, wakabakiza mikia, wakaichomeka kwenye tope. Wenye ng'ombe walipokuja, wakaonyeshwa mikia imesimama: "Tazameni, ng'ombe wenu wamedidimia." Neno ni lile lile, mnyama ndiye tofauti. Akimaliza kusimulia alikuwa anasema hadithi ya tembo inapendwa kwa sababu haina mwizi.

Na hapo Mpwapwa kwetu jina lilikuwa Mhamvwa, la kijito. Wageni wa misafara waliandika walivyosikia, tukabaki na Mpwapwa. Wamisionari wa CMS, wa Kianglikana, walifika 1876, Wajerumani wakajenga boma lao baadaye, na vyote vimefuata jina lililokosewa.

#20 Mbukwa wa Mvumi

@Mama Mpwapwa, ya mikia ninaijua, bibi alituzuia kuisimulia mbele ya wageni. Baba yako alikuwa mtu mkweli.

Niseme na kitu kimoja cha maana. Ugogo hatuna kuta nyingi za kuchorwa kama Irangi, lakini mahali pa kuombea mvua tulikuwa napo. Mtemi alikuwa na mawe ya mvua, na nchi yake ilijulikana mipaka kwa mawe, mibuyu na vilima. Mtemi aliyejulikana zaidi, Mazengo wa Mvumi, jina lake liko kwenye shule na mitaa. Sasa vilima hivyo ndivyo vinavyoliwa kokoto. Karibu na kwetu kuna jiwe ambalo tukiwa watoto hatukuruhusiwa kulipanda wala kukojoa karibu nalo. Nilikwenda msibani mwaka jana nikakuta nusu yake haipo. Akina mama wamekaa chini ya maturubai wanagonga, kokoto zimepangwa kwa ndoo. Siwalaumu, wanasomesha watoto. Lakini nilisimama pale nikashindwa kuongea. Nusu iliyobaki imechanika kama mkate, ndani ni jeupe linang'aa, na nje bado lina weusi wa zamani.

#21 Kokoto

Jina langu humu nimelitoa kwenye hiyo kazi, mama yangu aligonga kokoto Dodoma miaka tisa. Nimekusoma mkuu. Yeye mwenyewe kuna jiwe alikataa kuligusa, akasema hilo lina wenyewe. Sikumuuliza wenyewe ni nani.

#22 Mtembezi wa Kizota

Nashukuru sana wote, nasoma kila neno. Naomba turudi kwenye shimo. Mhifadhi alisema ni watu waliotafuta mali ya Mjerumani. Kuna ukweli?

#23 Dereva wa Kondoa

Ukweli mtupu. Kondoa nzima inajua. Mjerumani alipokimbia aliacha dhahabu, akaficha mapangoni, na akachora alama ili atakaporudi aijue njia. Kuna watu wanaamini ile michoro ndiyo ramani.

#24 Mchimbuaji

Na ndiyo sababu kuta zimeteseka. Mtu anachimba chini ya twiga kwa kuwa shingo ya twiga "inaelekeza". Wakati huo anatawanya majivu, mifupa na vipande vya mawe ambavyo ndivyo vingetusaidia kujua nani aliishi hapo na lini. Jibu la swali la binti wa mleta mada pengine lilikuwa ndani ya lile shimo.

#25 Mwalimu Mstaafu

Niwape historia kidogo, maana nilifundisha somo hilo.

Vita vya Kwanza vya Dunia vilifika Kondoa kweli. Mwezi wa 4 mwaka 1916 majeshi ya Afrika Kusini chini ya Jenerali van Deventer yaliichukua Kondoa Irangi. Mwezi wa 5 kamanda wa Wajerumani, von Lettow-Vorbeck, akashambulia ili airudishe, akashindwa. Kwa hiyo Wajerumani waliondoka na kurudi kupigana na kuondoka tena, na mvua zilikuwa kubwa. Watu wa hapo walishuhudia mizigo inabebwa usiku. Nadhani hadithi ya dhahabu ilizaliwa hapo.

Dhahabu yenyewe nayo haikuwa ya kubuni. Wajerumani walitengeneza sarafu za dhahabu za rupia 15 Tabora, mwaka 1916 huo huo, zenye picha ya tembo, na dhahabu ilitoka machimbo ya Sekenke, Iramba. Sarafu kama 16,000 hivi. Sasa pigeni hesabu. Sarafu zimeanza kutengenezwa Tabora katikati ya mwezi wa 4. Kondoa imeanguka siku chache tu baadaye. Zingefikaje Kolo na kufichwa, wakati aliyekuwa anazihitaji alikuwa upande wa reli?

#26 Dereva wa Kondoa

Mwalimu shikamoo. Hesabu nimeielewa. Lakini baba yangu mdogo aliokota rupia ya fedha shambani, ya Mjerumani, ina sura ya mfalme wao. Ninayo nyumbani.

#27 Mwalimu Mstaafu

Marahaba. Ya fedha inawezekana kabisa, ilitumika madukani kila siku. Mtu alidondosha akitoka sokoni.

#28 Kijana wa Babati

Swali langu kwa wenyeji: kwa nini wazee waruhusiwe kumwaga pombe kwenye urithi wa dunia? Si wanaharibu?

#29 Mchimbuaji

Sheria ya Mambo ya Kale ya 1964 inalinda michoro, hairuhusu mtu aiharibu. Upande wa pili, UNESCO yenyewe ilipoliorodhesha eneo hili ilihesabu na haya matambiko, kwamba ni mahali ambapo imani bado iko hai. Huo ni mvutano wa kweli na wahifadhi wanauishi kila msimu. Nimeona mahali ambapo kimiminika kilichorushwa kimeacha michirizi juu ya rangi. Inauma. Nimeona pia mahali ambapo pamesalimika kwa sababu moja tu: wenyeji wanapaogopa.

#30 Mrangi wa Pahi

@Kijana wa Babati, jiulize nani ameilinda hiyo michoro miaka yote kabla ya ofisi kuwepo. Wavu waliweka, wavu ukaondoka. Mlinzi mmoja atalinda vilima vingapi? Woga wa mjomba wangu na wenzake ndio uliozuia watoto kuandika majina yao pale.

Wazee wa sasa wengi hawamwagii ukutani. Wana sehemu yao pembeni. Hapo ndipo mleta mada aliona vibuyu.

#31 Binti Burunge

Naomba niingie, nimesoma kimya tangu asubuhi. Mnaongea Warangi na Wasandawe kana kwamba hakuna wengine Kondoa. Waburunge tupo, Waalagwa wapo. Kwetu ukisema mvua, unaanza na Waalagwa. Watu wa makabila mengine walikuwa wanawaendea kuomba mvua, Warangi wakiwemo. Kwa hiyo hata haya matambiko ya mlimani, nani alimfundisha nani? Mimi naamini aliyekuja alipokea kutoka kwa aliyemkuta, kama vile tunavyopokea shamba na visiki vyake.

#32 Mrangi wa Pahi

@Binti Burunge, kweli dada, hilo halina ubishi. Kuna maneno wanayotumia wazee mlimani ambayo hata mimi Mrangi siyaelewi. Nilidhani ni Kirangi cha zamani.

#33 Damu ya Usandawe

Au ni Kisandawe. 🙂

#34 Binti Burunge

Au Kialagwa! Mleteni mzee tumsikilize.

#35 Jasho la Haubi

Hamjagusa kitu kimoja. Ile misitu mnayopita mkipanda, wengi mnadhani ni ya tangu zamani. Babu yangu alifukuzwa na ng'ombe wake mwaka 1979. Mradi wa HADO (Hifadhi Ardhi Dodoma) ulianza 1973 kupambana na mmomonyoko, ulipoona makorongo hayazibiki ukaamuru mifugo yote iondoke kwenye eneo lililoharibika. Babu alikuwa na ng'ombe arobaini na mbili. Alihama nao usiku na mchana, wakafa njiani, alifika tambarare na kumi na sita. Mpaka anakufa hakuwahi kusamehe.

Lakini vilima vilirudi. Nimeona picha ya zamani ya makorongo yale, ardhi nyekundu imepasuka kama nyama, hakuna jani. Leo kuna miombo imefunga. Mwenzangu mmoja anasema miti imefunika miamba na kuikinga na vumbi, mwingine anasema mizizi inaipasua. Mimi kila nikitazama ule msitu namwona babu.

#36 Mwalimu Mstaafu

Nilikuwepo. Mwaka ule nilipoteza karibu nusu ya darasa, familia zilihama na ng'ombe. Pole kwa babu yako.

#37 Kokoto

Nimeuliza mama leo. Kasema lile jiwe alilokataa, waliolikataza ni wazee waliokuwepo kabla mji haujafika. Alipoulizwa majina akasema hakuwajua, aliwakuta tu makaburi yao.

#38 Damu ya Usandawe

Nimemsomea mama #11. Akanyamaza muda mrefu. Kisha akasema kwa Kisandawe sentensi moja, na nilipomwomba aitafsiri akasema haina Kiswahili chake. Nitaendelea kumuuliza.

#39 Mrangi wa Pahi

Nimempigia mjomba. Nilimsomea swali la mleta mada lote.

Kuhusu nani kachora alijibu kwa kuuliza: "Wanauliza ili wafanye nini?" Sikuwa na jibu, akaendelea kuongelea bei ya alizeti.

Ila kuhusu vibuyu alibadilika sauti. Anauliza kama mgeni aligusa. Anasema kutazama hakuna neno. Kugusa pia si kubaya kama mtu hakujua. Lakini kama kuna kilichoondolewa, kirudi, kabla mvua za mwaka huu hazijaanza.

#40 Mtembezi wa Kizota

Nimesoma hii saa nne usiku, nikaenda chumbani kwa binti nikamuuliza. Amenitolea kipande cha kibuyu kwenye begi la shule, kimefungwa kwenye karatasi ya daftari. Aliokota wakati mimi nimesimama na mhifadhi kwenye shimo. Ni kidogo kama kiganja chake, ndani kina utando mweupe, ukingoni kina tundu dogo lililotobolewa kwa moto. Alikuwa anataka kumwonyesha mwalimu wake.

Sikumgombeza. Analia, anauliza kama mvua haitanyesha kwa sababu yake.

@Mrangi wa Pahi, naomba umwambie mjomba tunakuja Jumamosi. Nije na nini?

#41 Mrangi wa Pahi

Mwambie mtoto asilie. Nimeshampigia mjomba tena. Anasema njoo na mtoto mwenyewe, akirudishe kwa mkono wake. Na kilo mbili za mtama, si wa dukani.

#42 Mbukwa wa Mvumi

Mtama ninao wa shambani. Niko Majengo sokoni kila siku mpaka saa kumi, pita uchukue. Bure, watani zangu hao.

#43 Dereva wa Kondoa

Gari langu linatoka saa kumi na mbili asubuhi. Nimewawekea viti viwili vya mbele.